Malindi Ilijua Msimu, Radi Ikaiponyoka

Tarehe 24 Aprili 1498 Vasco da Gama aliondoka Malindi na rubani aliyepewa na mfalme wa mji. Upepo wa kusi ndio kwanza ulikuwa unaanza. Baada ya wiki tatu na siku chache akaiona India. Kurudi hakungoja kaskazi. Aling'oa nanga mapema Oktoba, akahangaika baharini karibu miezi mitatu, mabaharia wake wapatao 30 wakafa kwa kiseyeye, na Malindi akaifikia tarehe 7 Januari 1499. Baharia yeyote wa hapa angemwambia asubiri.

Manahodha wa pwani waliugawa mwaka kwa miongo, siku kumi kumi kuanzia Siku ya Mwaka, wakajua pepo zinageuka lini na tanga mbili, kipindi cha katikati ya pepo hizo, inaingia lini. Ila mwongo hutaja majira, hautaji alasiri. Wingu la radi hukua, likapiga na kuisha kwa saa moja au mbili, na laweza kuilowesha Watamu huku Gede kukiwa kukavu. Mvua ya mawe, angalau, haitusumbui sana: barafu huundwa kilomita tano hivi juu, ikayeyuka kabla ya kutufikia sisi tulio usawa wa bahari. Kericho, iliyo kwenye mwinuko wa mita kama 2,000, haina bahati hiyo. Huko wenye mashamba ya chai waliwahi kuyarushia mawingu roketi, kisha wakatumia ndege za kumwaga iodidi ya fedha.

Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki iliundwa na Waingereza mwaka 1929, makao yake Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ikabaki na idara yake, yenye vituo Malindi, Msabaha na Mtwapa. Kichekesho ni kwamba tangu 1967 Waitaliano walikuwa wakirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, baadhi zikipima hewa mamia ya kilomita juu. Mvuvi wa Ngomeni aliiona roketi ikipaa, akarudi kuyasoma mawingu kwa macho yake.

Agosti 2023 idara ilionya kuhusu mvua za El Niño. Oktoba Rais William Ruto akasema wataalamu wameondoa hofu ya El Niño ya maafa. Novemba mafuriko yakaikata barabara ya Mombasa–Malindi kwenye daraja la Mbogolo. Msimu ulikuwa umetabiriwa sawasawa, kama enzi za miongo. Kilichokosekana ni masikio. Kuhusu radi ya leo jioni, utabiri wa kawaida bado huiweka kaunti yetu ya Kilifi fungu moja na Mombasa, Kwale, Lamu na Tana River, ukisema ngurumo zatarajiwa sehemu chache.