Jiko la Mtu Mmoja

Fundi alikuja Jumamosi asubuhi na futi yake ya chuma, akalizunguka jiko la mama mara moja, akasema, "Dada, hapa tunabomoa tu." Jiko lenyewe ni kibanda cha mbao na bati nyuma ya nyumba yetu, Moshi. Kuna mafiga matatu, kichanja cha kukaushia kuni, na kuta nyeusi tii kwa masizi. Mwaka jana daktari alimwambia mama kwamba kifua chake hakitapata nafuu akiendelea kuvuta moshi. Kaka yangu na mimi tukachanga fedha. Kwa kuwa mimi ndiye ninayependa kuchorachora, nikapewa kazi ya kupanga jiko jipya ndani ya nyumba, kwenye stoo ya zamani yenye upana wa mita 2 na urefu wa mita 3 na nusu.

Nikawa natafuta watu wengine walifanyaje na chumba chembamba namna hiyo. Ndipo nikakutana na jiko la Frankfurt, Ujerumani, la mwaka 1926: mita 1.9 kwa 3.4. Stoo yetu kabisa.

Aliyelibuni ni Margarete Schütte-Lihotzky, mzaliwa wa Vienna mwaka 1897, mmoja wa wanawake wa kwanza kusomea usanifu majengo nchini Austria. Frankfurt ilikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Ernst May, msanifu aliyesimamia ujenzi wa jiji, alikuwa akijenga makazi ya wafanyakazi kwa maelfu. Kila nyumba ilihitaji jiko dogo na la bei nafuu. Margarete alianza na hatua za miguu. Alikuwa amesoma maandishi ya Christine Frederick, Mmarekani aliyechukua mbinu za viwandani za kupima kazi kwa saa na kuzipeleka nyumbani: mwanamke anatembea mara ngapi kutoka sinki hadi jiko, na kwa nini? Alitazama pia majiko ya mabehewa ya chakula kwenye treni, ambako watu wanapika vyakula vingi katika nafasi ndogo mno.

Alichokitoa kinanivutia hadi leo. Kiti cha kuzunguka, ili mpishi aandae mboga ameketi mbele ya dirisha. Meza yenye tundu la kusukumia maganda. Ubao wa kupigia pasi unaokunjwa ukutani. Droo ndogo za alumini za mchele na sukari, kila moja na mdomo wa kumiminia. Mbao zilipakwa rangi ya buluu, kwa imani kwamba nzi hawaipendi. Majiko kama 10,000 yalifungwa katika nyumba za jiji hilo.

Nililichora lote kwenye karatasi ya hesabu, nikamwonyesha mama. Akavaa miwani, akalitazama muda mrefu.

"Na hapa mama yako mdogo atakaa wapi?"

Sikuwa na jibu, nikaudhika. Jumapili nikaamua kumpima mama mwenyewe, kama Frederick. Nilikaa kibandani na kalamu, nikihesabu hatua zake. Nilifika 40 hivi, mama mdogo akaingia na mkungu wa ndizi, nyuma yake wifi na mtoto mgongoni. Kila mmoja akavuta kigoda. Wakaanza kumenya, vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu, huku wakizungumzia nani kalazwa na shamba la nani limeuzwa. Mama karibu hakunyanyuka tena. Chumvi ilimfikia kwa mikono ya wengine. Kuni zilisogezwa na yeyote aliyekuwa karibu nazo. Karatasi yangu ilikuwa na mstari wa miguu ya mtu mmoja tu.

Hata Frankfurt kuna wapangaji waliolalamika. Watu wawili hawakuweza kufanya kazi mle bila kugongana, na zile droo nzuri zilifikiwa na watoto. Miaka ya 1970 wanawake wengine walisema wazi kwamba jiko lile lilimfungia mama peke yake. Margarete mwenyewe, uzeeni, alikiri kwamba alipolibuni hakuwa amewahi kupika wala kuendesha nyumba. Sina ubavu wa kumcheka. Mimi nilikuwa nachora jiko la mtu anayenipikia. Wala hakuwa mtu wa kudharau wanawake: alitaka wamalize kazi mapema wapate saa zao. Alipinga utawala wa Hitler hadi akakamatwa mwaka 1941, akakaa gerezani hadi vita vilipokwisha.

Bosi wake wa Frankfurt, kumbe, nilikuwa namjua bila kumjua. Ernst May hakuweza kurudi Ujerumani ya Hitler. Mwaka 1934 alikuja Tanganyika kulima, kisha akafungua ofisi ya usanifu Nairobi. Jengo la ushirika wa wakulima wa kahawa, KNCU, hapa Moshi mjini, ni kazi yake. Nimelipita tangu nikiwa na sare za shule.

Nilichokuwa nakiogopa nimekiona kwa majirani: jiko la ndani lina marumaru na gesi, linachemsha chai ya wageni, na chakula chenyewe bado kinapikwa nje kwenye moshi. Tungekuwa tumetumia fedha zote na kifua cha mama kibaki palepale.

Kwa hiyo nimechora upya. Ukuta wa stoo unaotazama uani unavunjwa, mbele yake tunaezeka bati na kumwaga sakafu ya saruji, pana ya kutosha vigoda vinne na mkungu. Gesi inakaa ndani, karibu na uwazi huo, mama akipika awe anaongea nao. Marumaru za ukutani na makabati ya juu nimeyafuta ili fedha zitoshe. Droo za Margarete nimezibakiza, mbili, za mchele na unga.

Mama amekubali, ila anataka mafiga yabaki kibandani, ya maharage na makande tu, anasema, gesi itakwisha bure. Kaka hataki kusikia. Fundi anauliza Jumatatu abomoe au asibomoe, na mpaka jana usiku hakuna aliyemjibu.