Namuwongo: kelele isiyo na mlalamikaji

Mkazi wa Kampala hana ndege za kumkatisha usingizi. Ndege za abiria hutua Entebbe, kilomita zipatazo 40 kutoka mjini, na ule uwanja wa zamani wa Kololo, ulikoshushwa bendera ya Uingereza usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962, siku hizi ni wa magwaride na sherehe za kitaifa. Kelele ya Namuwongo, mtaa wa bondeni jijini humo, haitoki angani. Inakuja kwa reli.

Reli yenyewe ni ya zamani kuliko mtaa. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu Desemba 1901, kisha kwa karibu miaka 30 mizigo ya Uganda ikawa inavushwa ziwani kwa meli. Mwaka 1931 daraja la reli lilipokamilika juu ya mto Nile pale Jinja, gari moshi likaweza kufika Kampala kwa nchi kavu. Kampala ni mji wa vilima na gari moshi halipendi vilima, kwa hiyo njia ilipitishwa mabondeni, kwenye matope na mafunjo, chini ya kilima cha Muyenga. Wafanyakazi wa reli hawakukaa huko bondeni. Wao walijengewa nyumba Nsambya.

Waliokuja Namuwongo walifuata kazi. Eneo la viwanda liko hatua chache tu, na kibarua hana nauli ya kila siku. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilianzisha hapo mradi wa majaribio wa kuboresha makazi: viwanja vikapimwa, barabara zikachongwa. Yaliyotokea baadaye yametokea katika miji mingi. Kiwanja kikishapimwa hupanda bei, na mwenye shida huuza. Wengi waliokusudiwa kunufaika walijikuta wakiteremka zaidi, hadi kwenye ukanda mwembamba kati ya reli na mfereji wa Nakivubo, ule unaopeleka maji machafu ya mji ziwani. Wakaungana nao waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda, na wengine kutoka Kongo. Kona moja ikaitwa Soweto.

Hapa wengi husema kwamba watu waliivamia reli. Mimi naona maelezo hayo yameruka jambo moja: reli yenyewe ilikuwa imenyamaza. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na vichwa vya treni na mabehewa iliyoyapata. Mizigo ikahamia kwenye malori. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 treni za abiria Uganda zilikuwa zimesimama kabisa. Njia ambayo treni hupita kwa nadra haimtishi mtu. Anayetafuta pa kujenga huona ardhi tambarare, kavu kuliko kinamasi cha jirani, na isiyo na mwenye nyumba wa kumfukuza. Vibanda vikasogea mwaka hadi mwaka, mpaka vikafika kwenye kokoto za reli.

Halafu reli ikaamka. Mwaka 2006 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways. Julai 2014 vibanda vilivyo kando ya reli katika sehemu kadhaa za Kampala vikabomolewa, Namuwongo ikiwemo, kwa hoja kwamba hifadhi ya reli inatakiwa iwe wazi. Watu waliokoa mabati na vitanda. Baada ya muda wengi walirudi, maana kazi zao zilikuwa palepale. Desemba 2015 treni ya abiria ikaanza kwenda na kurudi kati ya Kampala na Namanve, asubuhi na jioni, na honi ikawa jambo la kila siku.

Honi ya treni ukiwa mita chache kutoka kwake huisikii masikioni tu. Ukuta wa mbao unatetemeka, sufuria zinagongana, mtoto mchanga anashtuka na kulia. Kabla ya honi kulia, kati ya vyuma viwili vya reli, palikuwa na gunia lililoanikiwa mukene, wale dagaa wa ziwani. Mwenye nalo hakimbii. Anashika pembe nne za gunia, anainua, anarudi nyuma hatua tatu. Mabehewa yanapita, vumbi linatulia, gunia linarudi mahali pake. Na muulize kama angependa honi ipigwe kwa sauti ya chini: atakushangaa. Mwenye watoto wanaochezea relini anaomba dereva apige honi mapema zaidi, tena kwa nguvu.

Uganda ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2003, zenye viwango vya mchana na vya usiku, na mamlaka ya mazingira, NEMA, ndiyo yenye dhamana. Lakini kanuni humsaidia anayeweza kutaja anwani yake bila kuogopa. Majirani wa uwanja wa ndege wa Frankfurt, Ujerumani, walikwenda mahakamani, na tangu mwaka 2011 safari za ndege huko zimezuiwa kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri. Walikuwa na hati za nyumba zao. Wa Namuwongo akiandika barua kwamba treni inapita mita nne kutoka kitandani pake, amejishtaki mwenyewe: jibu litakuja kwa tingatinga. Ndiyo maana ukimya wake usihesabiwe kuwa ni kuridhika.

Reli ilirudi mikononi mwa Shirika la Reli la Uganda baada ya mkataba wa Rift Valley Railways kuvunjwa, na serikali inataka mizigo irudi kwenye treni. Ni sera nzuri, kwa barabara na kwa mfuko wa nchi. Ila kila treni inayoongezwa inapita milangoni mwa watu wale wale. Shirika na mamlaka ya jiji wasisubiri ajali ndipo wakumbuke bonde hili. Wabandike ratiba mtaani kwa Kiganda na Kiswahili, waweke vivuko vyenye walinzi, na wakiamua kuwahamisha wakazi, wawaonyeshe kwanza wanakopelekwa, pasiwe mbali na viwanda vinavyowalisha.