Shamba la Max Yasgur

Zikiwa zimebaki wiki chache tu, tamasha la muziki la Woodstock halikuwa na mahali pa kufanyika. Waandaaji wake wanne, Michael Lang, Artie Kornfeld, John Roberts na Joel Rosenman, walikuwa wameshaanza kuuza tiketi pale mji wa Wallkill, jimboni New York, ulipowakatalia mnamo Julai 1969. Aliyewanusuru ni Max Yasgur, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Bethel, aliyewakodishia malisho yake. Mji wa Woodstock wenyewe uko mbali na hapo, yapata kilomita 70.

Yasgur hakuwa mwenzao. Alikuwa na umri wa miaka 49, mhafidhina wa chama cha Republican, na wageni wake walikuwa vijana wa nywele ndefu, wengi wao wakipinga vita vya Vietnam. Baadhi ya majirani walibandika mabango ya kuwataka watu wasinunue maziwa yake. Hakurudi nyuma, aliamini vijana wale wana haki ya kukusanyika kama raia wengine.

Muda haukutosha kujenga jukwaa na kumaliza uzio pia. Jukwaa likapewa kipaumbele, na watu wakaingia bure. Tiketi zilizouzwa mapema zilikuwa kama 186,000. Waliofika wanakadiriwa kuzidi 400,000. Barabara ziliziba, magari yakatelekezwa njiani, na wanamuziki wakaletwa kwa helikopta.

Ijumaa jioni, Agosti 15, kundi lililopangwa kufungua lilikuwa bado limekwama kwenye foleni. Richie Havens akapandishwa jukwaani na gitaa lake. Alipiga nyimbo zake, na kila alipotaka kushuka akaombwa aendelee, mpaka zikamwishia. Hapo akaanza kukwangua nyuzi kwa nguvu, akirudia neno moja, uhuru, kisha akaliunganisha na wimbo wa kiroho wa tangu enzi za utumwa. Wimbo huo, uliozaliwa mbele ya umati, ndio uliomjengea jina duniani.

Chakula kilipokwisha, watu wa Hog Farm, jumuiya ya mahipi, walipika na kugawa bure. Akina mama wa kituo cha jumuiya ya Wayahudi mjini Monticello walitengeneza sandwichi kwa maelfu. Yasgur, aliposikia kuna watu wanaowauzia vijana maji, alikasirika, akayagawa yake bure. Mvua ilinyesha, shamba likawa tope, na vijana kadhaa walipoteza maisha, akiwemo mmoja aliyekanyagwa na trekta akiwa usingizini. Hata hivyo, umati ule haukugeukiana.

Jimi Hendrix alifunga tamasha Jumatatu asubuhi, wengi wakiwa wameshaondoka. Mwanajeshi huyu wa zamani wa kikosi cha miavuli aliupiga wimbo wa taifa wa Marekani huku gitaa likivuma kama mabomu yanayodondoka. Dunia iliyaona hayo kupitia filamu ya Michael Wadleigh ya mwaka 1970, iliyoshinda Oscar na kusaidia kulipa madeni ya waandaaji.

Miaka 30 baadaye, jina la Woodstock lilirudishwa katika kambi ya zamani ya jeshi la anga huko Rome, New York. Katika joto kali la Julai, chupa ya maji iliuzwa dola 4. Tamasha likaishia kwa moto, uporaji na udhalilishaji wa wanawake. Jaribio la mwaka 2019 lilivunjika kabla ya kuanza.

Shamba la Bethel sasa lina jumba la makumbusho, na tangu 2017 limo katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Linastahili. Muziki ule ulikuwa mkubwa, lakini ungeweza kuzama katika maafa. Ulinusurika kwa sababu mwenyeji na majirani waliwahesabu watu wenye njaa na kiu kuwa wageni, wala hawakuwaona kama wateja. Atakayetaka kurithi Woodstock na aanzie hapo, kwenye maji na chakula.