Sponji, godoro na swali la binti wa Geita

Umeme umerudi hosteli, ngoja niandike kabla haujakatika tena.

Mwaka jana nilikuwa Geita kwenye mazoezi ya kufundisha. Mada ilikuwa sponji. Mie mtoto wa Shinyanga, bahari sijawahi kuiona, basi nikaingia darasani na kipande cha godoro. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, huyu mnyama alikufa lini?" Darasa zima likacheka. Nikamjibu kwamba mtihani hauulizi hayo. Jibu hilo linanisuta mpaka leo, maana sponji la godoro hutengenezwa kiwandani, halijawahi kuwa hai.

Kumbe sponji aliwasumbua hata wasomi! Kwa muda mrefu wengi walimhesabu kuwa mmea, kwa sababu hatembei, hana mdomo, tumbo, moyo wala ubongo. Mwaka 1765 John Ellis wa Uingereza akaona maji yakiingia na kutoka mwilini mwake. Mwaka 1825 daktari Robert Grant wa Edinburgh akamweka sponji kwenye maji, akachungulia tundu lake kubwa, akaona maji yakibubujika kama chemchemi. Maji huingia kwa vitundu vidogo vya ubavuni, yakisukumwa na seli zenye mkia. Seli hizo hunasa bakteria na chembe za chakula, maji hutokea kwenye tundu kubwa.

Waliokaa Geita wanaujua mwalo wa kuoshea dhahabu: tope linapita juu ya gunia, maji yanakwenda zake, dhahabu inabaki. Sponji naye hula hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba gunia halijisukumii maji.

Mwaka 1907 Mmarekani H. V. Wilson akamkamua sponji kwenye kitambaa mpaka seli zikaachana. Basi bwana, zikakusanyika tena, zikajenga sponji upya! Godoro ukilichana, limechanika.

Na wala si mambo ya Ulaya tu. Jambiani, Unguja, akina mama hufunga vipande vya sponji kwenye kamba baharini, vikakua, vikauzwa kwa watu wa kuogea. Sponji wa kweli wa kuwaonyesha wanafunzi alikuwa hapa hapa nchini.

Jumatatu namtumia mwalimu wa somo maelezo haya awasomee darasani. Mdogo wangu, nisamehe. Swali lako lilikuwa zuri kuliko somo langu.

Tuonane shajara ijayo.