Moyo wa Kima: hadithi ya watoto iliyovuka bahari

Jioni moja katika mtaa wa Ruwi, mjini Muscat, nilimkuta jirani yangu, mzaliwa wa Gujarat nchini India, ameketi barazani na binti yake wakisoma kitabu cha picha. Katika ukurasa waliokuwa wameufungua kulikuwa na kima aliyepanda mgongoni mwa mamba, nao wamefika katikati ya mto.

Msikilizaji, sikuhitaji kusoma maneno. Niliijua hadithi ile tangu nilipokuwa mtoto Tanga. Tofauti ni kwamba kwetu kima hakupanda mgongo wa mamba. Alipanda mgongo wa papa, na safari yao ilikuwa ya baharini.

Nilipomweleza jirani yangu alicheka sana. Yeye aliisikia kwa bibi yake, na siku zote aliamini kuwa ni hadithi ya kwao. Mimi nami niliisikia kwa bibi yangu, na niliamini vivyo hivyo. Sasa tulikuwa wazazi wawili wageni katika mji wa watu, kila mmoja akijaribu kumrithisha mwanawe kitu kimoja.

Je, hadithi hii ni ya nani, na ilifikaje katika mikono yetu sote wawili?

Wana watatu wa mfalme

Kwa muhtasari, kisa chenyewe ni hiki. Kima anayeishi juu ya mti kando ya maji anafanya urafiki na mnyama wa majini kwa kumtupia matunda. Siku moja rafiki yule anamwalika kwake, anambeba mgongoni, na wakiwa majini anamfichulia kuwa moyo wake unahitajika. Kima anamjibu kuwa amekosea kutomwambia mapema, kwani makima wanaposafiri huiacha mioyo yao mtini. Wanarudi kuuchukua. Kima anaruka juu ya mti, na harudi tena.

Kisa hiki kimo katika kitabu cha Panchatantra, kilichotungwa India kwa lugha ya Kisanskriti. Wataalamu hawajakubaliana juu ya tarehe yake, lakini umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka 1,700 na 2,300. Mapokeo yanamtaja mtungaji wake kuwa mzee mmoja aliyeitwa Vishnu Sharma.

Kitabu chenyewe kinaanza kwa tatizo la mzazi. Mfalme mmoja alikuwa na wana watatu wasiopenda kabisa masomo. Vishnu Sharma aliahidi kuwaelimisha kwa muda wa miezi 6, na silaha yake ikawa hadithi za wanyama. Vitabu vitano vya Panchatantra ndivyo vilivyokuwa masomo yao, na kima na mamba wake wamo katika kitabu cha nne.

Tabibu aliyetafuta dawa

Safari ya kwanza ya kitabu hicho nje ya India ilielekea Uajemi. Inasimuliwa kuwa mfalme Khosrow Anushirwan, aliyetawala kuanzia mwaka 531 hadi 579, alimtuma tabibu wake Burzoe kwenda India kutafuta mti-shamba unaofufua wafu. Tabibu alizunguka milimani bila kuupata. Mwishowe mzee mmoja alimfumbulia fumbo: wafu ni wajinga, na dawa inayowafufua ni kitabu cha hikima. Burzoe alirudi Uajemi na Panchatantra, akaifasiri kwa Kipahlavi, lugha ya Waajemi ya zama hizo.

Katika karne ya 8, mwandishi mwenye asili ya Kiajemi aliyeishi Basra, Ibn al-Muqaffa, aliigeuza tafsiri ile kuwa Kiarabu. Kitabu chake kikaitwa Kalila wa Dimna, kwa majina ya mbweha wawili waliomo ndani yake. Hadi leo kinahesabiwa miongoni mwa nguzo za nathari ya Kiarabu.

Kutoka Kiarabu hadithi hizo zilienea hadi Kihispania, Kiebrania na Kilatini. Mwaka 1678 mshairi wa Ufaransa, Jean de La Fontaine, alipotoa mkusanyiko wake wa pili wa ngano, alikiri kuwa sehemu kubwa ya alichokiandika alikipata kwa mhenga wa Kihindi.

Lakini njia iliyotufikia sisi haikupita Ulaya. Ilipita baharini.

Jahazi na upepo

Basra ipo karibu na mwanzo wa Ghuba, na Muscat ipo mlangoni mwake. Kwa karne nyingi majahazi yaliyotoka huko na yaliyotoka Gujarat na Sindh yalikutana katika bandari za Omani. Upepo wa kaskazi ulipovuma, kuanzia mwishoni mwa mwaka, yaliteremka hadi Mombasa, Kilwa na Zanzibar. Kusi ilipoanza, yalirudi.

Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa sehemu ya safari hizo. Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala kuanzia mwaka 1806 hadi 1856, alipouhamishia utawala wake Zanzibar, ushuru wa forodha wa kisiwa hicho ulikodishwa kwa familia ya wafanyabiashara wa Kutch, na Jairam Shivji akawa miongoni mwa watu wenye nguvu kubwa ya fedha Zanzibar.

Daftari za forodha zilihesabu pembe za ndovu, karafuu na vitambaa. Hadithi hazikulipiwa ushuru, na kwa hiyo hakuna daftari linalotuonyesha ni jahazi lipi lililomleta kima. Tulichonacho ni ushahidi ulio ndani ya hadithi yenyewe.

Zanzibar, mwaka 1870

Mwaka 1864 alifika Zanzibar mmisionari wa Kiingereza aliyeitwa Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu. Alijifunza Kiswahili, akaketi na wenyeji na kuandika hadithi walizomsimulia. Mwaka 1870 alizichapisha mjini London, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mojawapo inaitwa Kisa cha Punda wa Dobi, na ndani yake yumo kima wetu, na rafiki yake ni papa.

Sasa linganisha, msikilizaji. Katika kitabu cha Kisanskriti mnyama wa majini ni mamba. Katika Kiarabu ni kasa. Zanzibar akawa papa, kwa kuwa papa ndiye anayejulikana na kuogopwa na watu wa visiwani.

Mti nao una habari zake. Katika Panchatantra ni mzambarau. Katika tafsiri ya Kiarabu ukawa mtini. Zanzibar ukawa mkuyu, ambao ni wa jamii moja na mtini. Mzambarau unaota Zanzibar na watoto wa huko wanaujua vizuri, na kama hadithi ingefika moja kwa moja kutoka India, huenda mti huo ungebaki. Mkuyu unatuelekeza kwenye njia ya Kiarabu, yaani Basra, Ghuba, na bila shaka bandari kama Muscat.

Na yule punda? Kima aliyeokoka anamsimulia papa kisa kingine, cha punda aliyenusurika kuuawa na simba, kisha akashawishiwa kurudi kwa simba yuleyule. Alipouawa, moyo na masikio yake havikuonekana, kwani mshawishi alikuwa amekwisha kuvila. Akajitetea kwamba punda yule hakuwa navyo tangu awali, maana angekuwa na masikio ya kusikia na moyo wa kufahamu asingerudi mara ya pili. India mshawishi ni mbweha. Zanzibar ni sungura, kama inavyotarajiwa katika hadithi za kwetu.

Lakini mwenye punda hakubadilika. India, Uarabuni na Zanzibar, amebaki kuwa mfua nguo. Na Kiswahili kinamwita dobi, neno ambalo lenyewe limetoka India.

Mama aliyeandika kwa ajili ya wanawe

Hadi hapa tumezungumzia hadithi iliyosafiri kwa hiari yake. Mara nyingine ni mzazi aliyesafiri, na hadithi ikawa ndiyo mali pekee aliyoweza kuwapa watoto.

Sayyida Salme, binti wa Said bin Sultan, alizaliwa Zanzibar mwaka 1844. Mwaka 1866 aliondoka kisiwani, na mwaka uliofuata akaolewa Aden na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Mwaka 1870, mwaka uleule kitabu cha Steere kilipochapishwa, mumewe alifariki dunia katika ajali mjini Hamburg. Salme akabaki mjane katika nchi ya baridi, na watoto watatu wadogo.

Kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1886, zilianza kama maandishi kwa ajili ya watoto hao, ambao hawakujua mengi kuhusu asili ya mama yao. Aliwaeleza nyumba ya Mtoni, sikukuu, masomo, chakula na mavazi ya utotoni mwake.

Aliyaandika yote hayo kwa Kijerumani. Lugha za nyumbani kwao zilikuwa Kiarabu na Kiswahili, lakini wasomaji aliowakusudia walikuwa wanakua Ujerumani. Kila mzazi aliye ugenini anaufahamu uamuzi huo. Ama umpe mtoto hadithi katika lugha yako, na huenda asiielewe, ama umpe katika lugha yake, na ukubali kuwa kuna kitu kitakachobaki nyuma.

Muscat ya leo

Nikitazama Muscat, naona jamii mbili zilizokabiliana na uamuzi huo kwa njia tofauti.

Wahindi wa Muscat wamejenga taasisi. Shule ya Kihindi ya Muscat ilianzishwa mwaka 1975, na leo zipo takriban shule 20 za jamii hiyo nchini Omani. Vitabu pia vipo. Mwaka 1967 mhariri Anant Pai aliona katika shindano la maswali kwenye televisheni kwamba vijana wa Delhi waliwajua miungu wa Kigiriki, lakini wakashindwa kumtaja mama yake Rama. Mwaka huohuo alianzisha vitabu vya katuni vya Amar Chitra Katha, ambavyo vimewafikishia watoto wa India, na wa Wahindi walioko ng'ambo, hadithi za kale, zikiwemo za Panchatantra.

Pai alikuwa katika mji mkuu wa nchi yake alipopata hofu ile. Basi mzazi aliyeko Ruwi atakuwa na hofu kiasi gani?

Jamii ya pili ni Waomani wanaozungumza Kiswahili. Wengi wao ni watu, au watoto na wajukuu wa watu, waliotoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, au waliorudi kutoka Afrika Mashariki baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje. Kiswahili chao bado kinasikika majumbani, katika harusi na sokoni. Lakini shule za serikali zinafundisha kwa Kiarabu, na Kiingereza kina nafasi yake kubwa. Kiswahili hakina darasa. Kimeachiwa sebule na jikoni, na zaidi ya yote kimeachiwa mabibi.

Kima wa Panchatantra ana kitabu cha rangi katika duka la vitabu. Kima wa mkuyu, hapa Muscat, anaishi katika vinywa vya watu wazima ambao kila mwaka idadi yao inapungua. Hiyo ndiyo tofauti, nayo si ndogo.

Hata hivyo historia inatupa somo jingine. Kitabu cha Steere hakingekuwepo kama hakungekuwa na mtu wa Zanzibar wa kusimulia. Na watu wale wasingekuwa na cha kusimulia kama mtu mwingine, kabla yao, hakuwaita watoto jioni na kusema "Paukwa". Kati ya Basra na mkuyu wa Zanzibar, sehemu kubwa ya safari ya hadithi hii huenda haikuandikwa popote. Ilibebwa na wazazi waliobadilisha mnyama na mti ili mtoto aliye mbele yao aelewe.

Mwanangu, anayesoma hapa Muscat, hunijibu kwa Kiingereza hata nikimsemesha Kiswahili. Kwa muda mrefu nilichukua jambo hilo kuwa ni kushindwa kwangu. Baada ya jioni ile nilimwita, nikaanza kumsimulia kima na papa kwa Kiswahili, bila kitabu. Maneno mengine hayakumwingia, nikayaeleza kwa mikono. Alipouliza mkuyu ni mti gani, sikuwa na mkuyu wa kumwonyesha. Nikamwonyesha mtende ulio nje ya dirisha.

Usiku wa pili yeye ndiye aliyemsimulia binti wa jirani. Aliusimulia kwa Kiingereza, na maneno mawili tu ya Kiswahili yakabaki: kima na papa. Binti yule alimsahihisha kwamba ni mamba. Mwanangu akakataa. Wakabishana hadi tulipowaita ndani kula.

Msikilizaji, katika masimulizi yake yule kima alikuwa anaishi juu ya mtende.