Sanduku la sheferi na nyumba za waliorudi: historia fupi ya makuta ya Leta huku Bunyakiri



Kwenye mikutano yetu, ikiwa ni Bulambika, Bitale ao Hombo, swali moja linarudi kila mara. Mama anayeuza mihogo analipa kodi ya soko. Kijana wa piki-piki analipa. Mwenye kupitisha mbao analipa. Halafu nyumba ya mutu aliyerudi kutoka ukimbizini inajengwa na mutualite ao na shirika. Basi watu wanauliza: makuta ya kodi inaenda wapi, na juu ya nini Leta haitujengei?

Jibu la haraka ni kusema wakubwa wanakula. Wizi uko, hakuna anayeukana. Lakini hata kama kila mukubwa angekuwa mwaminifu, bado Bunyakiri ingepata kidogo tu, kwa sababu ya namna mipaka na masanduku ya pesa vilipangwa tangu zamani. Inafaa tuijue historia hiyo sasa, maana mkutano wetu mkuu utaombwa kuamua kama sehemu ndogo ya michango itumike kutuma wajumbe kufuata bajeti ya sheferi huko Kalehe. Wengi wanaona hiyo ni kupoteza manjanja ya nyumba. Someni kwanza.

Sanduku liliwekwa kando ya ziwa

Wabelgiji walianza kuzitambua sheferi kwa dekreti ya tarehe 2 Mei 1910. Dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 ikazipanga upya na kuzipa nguvu zaidi: kila sheferi iwe na sanduku lake la pesa, na chefu wake asaidie kukusanya kodi na kuamua kesi. Wakoloni walipenda sheferi kubwa, maana ni rahisi kwao kuongea na chefu mmoja kuliko na kumi. Kwa hiyo vikundi vidogo viliunganishwa na vikubwa. Ndivyo vijiji vingi vya Watembo, upande wa msitu, vilijikuta ndani ya sheferi ya Buhavu, ambayo makao yake yako Kalehe, kando ya ziwa Kivu. Mpaka leo Buhavu ina grupema saba: Buzi, Kalima, Kalonge, Mbinga-Kaskazini, Mbinga-Kusini, Mubuku na Ziralo. Bulambika iko Kalima. Sheferi ya pili ya teritware ya Kalehe ni Buloho.

Siandiki haya kuchokoza mambo ya kabila. Ninaongea juu ya kilomita. Mutu wa Bulambika akitaka kwenda Kalehe kwa gari, anashuka na barabara ya taifa namba 3, anapita ndani ya msitu wa Kahuzi-Biega mpaka Miti, kisha anageuka kaskazini kufuata ziwa. Ni safari ya kupoteza siku na kulipa tiketi mara mbili. Pesa inatoka huku sokoni, inaandikwa kule ziwani, na mwenye kuitoa hayupo wakati inapogawanywa. Wazee walisema: asiyekuwepo na lake halipo.

Na nyumba? Wakati huo Leta ilijenga nyumba, lakini si za wanakijiji. Mwaka 1952 ukoloni ulianzisha Ofisi ya Miji ya Waafrika, na hapa Bukavu kazi yake inaonekana Bagira: nyumba za kudumu, zenye mistari, za wafanyakazi wa mshahara. Memba wetu waliokimbilia Bukavu wanazijua vizuri, maana wengine walipangisha humo. Kijijini, Leta iliamuru tu watu wasogeze nyumba zao kando ya barabara, ili kuwahesabu na kuwatoza kodi iwe rahisi. Kujenga kulibaki kazi ya mwenyewe na jirani zake. Fikra hiyo, kwamba nyumba ya kijijini si jambo la Leta, haijaondoka mpaka leo.

Ardhi bila karatasi

Baada ya uhuru mambo mawili yaliongezea uzito. La kwanza ni msitu. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 ikiwa na hektari 60.000. Mwaka 1975 ilipanuliwa mpaka hektari 600.000, na ndani ya upanuzi huo kulikuwa na vijiji na mashamba ya watu.

La pili ni sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973. Ilisema ardhi yote ni mali ya Leta. Juu ya ardhi za vijijini, zile tunazopewa kwa desturi, ilisema haki zake zitapangwa na amri ya rais wa jamhuri. Amri hiyo haikutoka. Huku Buhavu na Bushi, babu zetu walipata shamba kwa kulipa kalinzi, na kila jirani alijua nani alilipa nini. Lakini jirani akikimbia, ao akifa, ushahidi unaenda naye. Mwaka 2013 serikali iliunda tume ya kitaifa ya kurekebisha mambo ya ardhi, CONAREF. Kazi yake ni ndefu, na mjane aliyerudi leo anahitaji jibu leo.

Vita na sanduku tupu

Historia ya vita wengi wenu munaijua kuliko mimi, kwa hiyo nitakuwa mufupi. 1996, vita ya kwanza na misafara ya wakimbizi wa Rwanda kupitia Hombo. Toka 1998, RCD upande mmoja na Mayi-Mayi ya Padiri upande mwingine. 2009, operesheni Kimia II. 2012, mauaji ya Kamananga, mwezi wa 5. Kila mara nyumba zilichomwa, watu wakalala porini, wakarudi, wakajenga, wakakimbia tena.

Kuna jambo moja la hesabu ndani ya mateso hayo ambalo halisemwi sana. Sheferi inaishi kwa kodi za soko na za kupitisha bidhaa. Watu wakikimbia, soko linakufa, na sanduku linakauka. Maana yake, siku ambayo nyumba nyingi zimeungua ndiyo siku ambayo sheferi haina kitu. Na wakati huohuo wenye silaha walitoza watu ile "lala salama" kwenye vizuizi, bila risiti. Aliyerudi alikuta ameshalipa Leta mbili, na hana paa.

Wakati wa vita, RCD ilitangaza Bunyakiri kuwa teritware, sawa na ilivyofanya Minembwe. Vita ilipoisha, hiyo haikuendelea, na Bunyakiri ikabaki posti ya uongozi ya teritware ya Kalehe. Mpaka sasa vijana wengi wanaota kurudisha teritware. Turudi kwenye sheria tuone ndoto hiyo ingeleta nini.

Katiba na hesabu ya kumi na sita

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilileta desentralizasio. Inataja waziwazi wenye kujitawala chini ya jimbo: mji, komine, sekta na sheferi. Hawa wana sanduku lao. Teritware na grupema hazimo. Wakati wa Mobutu, sheria ya mwaka 1982 iliipa zone, ambayo ndiyo teritware ya leo, haki ya kujitawala. Katiba mpya iliiondolea. Kwa hiyo teritware mpya ingetuletea administrateri, ofisi na bendera. Sanduku lingebaki Kalehe.

Sasa tuchukue franka 100 za mapato ya taifa. Katiba inasema 40 ni za majimbo, na zikatwe palepale zinapokusanywa. Nyingine 10 ziende kwenye sanduku la usawazishaji, la kusaidia majimbo yaliyobaki nyuma. Kisha sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema, kati ya zile 40 za jimbo, asilimia 40 ni ya miji, komine, sekta na sheferi. 40 mara 40 kugawa kwa 100 ni 16. Basi franka 16 kwa 100 zinapaswa kugawanywa kati ya sheferi zote, sekta zote, komine zote na miji yote ya Kivu Kusini, kwa kuangalia idadi ya watu, ukubwa wa eneo na nguvu ya kukusanya.

Hiyo ni sheria. Katika matendo, Kinshasa iliendelea kukusanya zote kwanza, halafu kurudisha kiasi kidogo kuliko 40, kwa kuchelewa. Jimbo nalo linapopata kidogo, linaanza na mishahara na safari zake. Sheria ya sanduku la usawazishaji ilitoka 2016 tu, miaka kumi baada ya katiba. Kinachofika sheferi kinatosha karatasi na posho. Ndiyo maana kodi ya mama wa mihogo imekuwa mzigo mkubwa hivi: inajaza pengo la zile 16 ambazo hazifiki.

Serikali ilianzisha pia programu ya maendeleo ya teritware 145, yenye bajeti ya dola miliardi 1,66 hivi, ya shule, vituo vya afya na majengo ya uongozi. Ni msaada, hatuukatai. Lakini angalieni ni majengo gani: darasa, zahanati, ofisi ya administrateri. Nyumba ya raia haimo. Na kazi hizo zinaendeshwa kutoka juu, hazipitii sanduku la sheferi.

Kiti kilicho tupu

Kuna tena kitu kimoja kinachokosekana. Sheria ya 2008 inataka kila sheferi iwe na baraza lililochaguliwa na raia, ambalo linapitisha bajeti na kumuuliza Mwami na maesheve wake matumizi. Tumepiga kura 2006, 2011, 2018 na 2023. Tulichagua rais na wadeputee. Tarehe 20 Desemba 2023 madiwani walichaguliwa kwenye komine kadhaa tu za mijini. Baraza za sheferi hazikuchaguliwa hata mara moja.

Njia nyingine ingekuwa kugeuka komine. Mwaka 2013 serikali ilitoa dekreti za kuzipa senta nyingi hadhi hiyo. Lakini Minembwe ilitufundisha: burgumesta aliwekwa tarehe 28 Septemba 2020, kelele zikapanda nchi nzima, na tarehe 8 Oktoba rais akafuta. Kubadilisha mipaka huku kwetu kunaweza kurudisha watu porini. Mutu aliyejenga nyumba yake mara nne hatamani kuijenga mara ya tano juu ya ramani.

Tufanye nini na sheria iliyopo

Inabaki njia ya polepole: kuingia kwenye bajeti ya sheferi jinsi ilivyo. Haianzi na sisi. Kivu Kusini ilikuwa ya kwanza Kongo kujaribu bajeti shirikishi. Komine za Bukavu na sheferi kama Luhwindja ziliita raia kuchagua kazi za kufanywa, na watu walijulishwa kwa ujumbe wa simu. Pale raia walipoona daraja ao darasa likitengenezwa, kulipa kodi kulipungua uchungu.

Hatutaomba sheferi ijenge nyumba, maana haina uwezo, na ahadi kama hiyo ingekuwa ya uongo. Tunapendekeza wajumbe wetu wapeleke maombi matatu ambayo sanduku dogo linaweza kuyabeba.

La kwanza: aliyerudi apate karatasi ya parseli yake bila malipo, mbele ya chefu wa kijiji na majirani, na jina la mama liandikwe pia, si la baba peke yake. Mjane bila jina kwenye karatasi anafukuzwa na shemeji kabla ukuta haujakauka.

La pili: pale mutualite ao mfadhili anapojenga nyumba, sheferi itoe mfereji wa maji ya mvua, njia ao chemchemi. Kazi za namna hiyo zimo ndani ya mamlaka yake. Mwezi wa 5 mwaka 2023, Bushushu na Nyamukubi, ndani ya sheferi hiihii, mafuriko yaliua watu zaidi ya 400. Mahali pa kujenga na njia ya maji ni suala la uhai.

La tatu: makuta yanayokusanywa kwenye kila soko yabandikwe ukutani mwa ofisi ya grupema, kila mwezi, kwa Kiswahili.

Kwenu wafadhili, ombi ni moja. Munapolipia nyumba, ulizeni sheferi imeweka nini, hata kama ni kidogo. Nyumba ambayo Leta haikuweka mukono wowote, Leta haina haya kuisahau.

Na nyinyi memba: likelemba letu linajenga nyumba moja, kisha nyingine, na halitasimama. Tiketi za wajumbe wawili kwenda Kalehe kabla bajeti kufungwa ni bei ya manjanja machache. Mkutano mkuu ndio utaamua. Atakayepinga aje apinge pale, tusikilizane, na atakayekubali aje na jina la mjumbe anayeweza kusoma hesabu bila kuogopa kuuliza.