Gari Jipya kutoka Yadi ya Mwingine: Historia ya Mawakala wa Marekani Kubadilishana Magari

Nchini Marekani, mnunuzi wa gari jipya mara nyingi huuziwa gari ambalo halipo katika yadi aliyoingia. Anataka rangi fulani, injini fulani na viti vya ngozi. Wakala aliye mbele yake hana gari la namna hiyo, lakini wakala mwingine wa chapa hiyohiyo, katika mji wa pili au hata jimbo la pili, analo. Gari hufuatwa huko, likaletwa, likaoshwa, na mnunuzi akakabidhiwa funguo. Utaratibu huu wa mawakala kubadilishana magari ulizaliwa na mambo mawili yaliyokuja kugongana: wakala kumiliki magari anayoyauza, na kiwanda kutengeneza magari ya namna nyingi kuliko yadi yoyote inavyoweza kubeba.

Jambo la kwanza ndilo kongwe. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, watengenezaji waliuza magari kwa kila njia waliyoiona: kwa oda za posta, mlangoni pa kiwanda, hata katika maduka makubwa ya nguo na fanicha. John Wanamaker, mfanyabiashara wa Philadelphia, aliwahi kuuza magari ya Ford katika maduka yake. Mwaka 1898 William Metzger alifungua duka la magari mjini Detroit, na hutajwa miongoni mwa mawakala wa kwanza wa kujitegemea. Mtindo wake ndio ulioshinda, na kilichoupa ushindi ni fedha. Viwanda vilikuwa vichanga na vilikosa mtaji. Wakala alitoa arubuni alipoagiza, akamalizia taslimu magari yalipofika, na fedha hiyo ndiyo iliyosaidia kulipa mishahara na kununua vipuri. Hivyo tangu awali gari likishakabidhiwa kwa wakala lilikuwa mali yake. Likikaa miezi bila mnunuzi, hasara ilikuwa yake pia.

Katika enzi ya Model T ya Ford, iliyoanza mwaka 1908, haja ya kubadilishana ilikuwa ndogo. Kwa zaidi ya miaka 10, kuanzia 1914, gari hilo liliuzwa kwa rangi nyeusi tu, na ukiacha umbo la bodi, gari moja halikutofautiana sana na jingine. Alichokuwa nacho wakala wa Iowa ndicho alichokuwa nacho wakala wa Ohio. Kilichowatesa mawakala wakati huo ni mzigo wa magari yaliyozidi. Uchumi ulipodorora mwaka 1920 na 1921, Henry Ford, akiwa anadaiwa na mabenki, aliwapelekea mawakala magari ambayo hawakuyaagiza na kuwataka wayalipie. Aliyekataa alihatarisha uwakala wake. Wengi walikimbilia benki za miji yao kukopa, na kwa njia hiyo deni la kiwanda likahamia mabegani mwa wafanyabiashara wadogo wa mikoani. Ulikuwa uonevu wa wazi, na kumbukumbu yake ilichangia mawakala kudai kinga ya sheria miaka iliyofuata.

Jambo la pili lililetwa na General Motors. Alfred Sloan, aliyeshika urais wa kampuni hiyo mwaka 1923, alizipanga chapa zake kwa ngazi za bei, kutoka Chevrolet ya chini hadi Cadillac ya juu, na akajenga desturi ya kubadili sura ya magari mwaka hadi mwaka. Magari ya Oakland, mojawapo ya chapa hizo, ya mwaka 1924 yalipakwa rangi ya Duco, iliyokauka haraka na kuwezesha kiwanda kutoa rangi nyingi bila kuchelewesha kazi. Sasa wakala alipaswa kubashiri: buluu ngapi, kijani ngapi, za milango miwili ngapi. Na alibashiri kwa fedha ya mkopo, kwa kuwa tangu 1919 General Motors ilikuwa na kampuni yake ya kuwakopesha mawakala fedha za kununulia magari ya kuweka yadini. Kila gari lililoegeshwa lilizaa riba, na toleo la mwaka mpya lilipokaribia, lilishuka thamani likiwa pale pale. Hapa ndipo kubadilishana kulipopata maana: gari linalomzeeka wakala mmoja linaweza kuwa ndilo hasa mteja wa wakala mwingine analolitaka.

Sheria nayo ilihakikisha kwamba mawakala hao wanaendelea kuwa wengi na wa kujitegemea. Wisconsin ilitunga sheria ya leseni za mawakala mwaka 1937, na leo majimbo yote yana sheria za kuwalinda. Majimbo mengi yanamzuia mtengenezaji mwenye mawakala kushindana nao kwa kufungua maduka yake mwenyewe. Miaka ya 1953 na 1954 Ford na Chevrolet walipogombea nafasi ya kwanza sokoni, mawakala walisukumiwa tena magari mengi kupita uwezo wao. Malalamiko yalifika katika Bunge la Marekani, na sheria ya mwaka 1956 ikampa wakala haki ya kumshtaki katika mahakama za shirikisho mtengenezaji asiyemtendea kwa nia njema. Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, ambako kwa kawaida chapa moja huwa na msambazaji mkuu mmoja mwenye matawi yake, ni vizuri kukumbuka tofauti hii: mawakala wa Marekani wanaopeana magari ni wenye mali tofauti, na mara nyingi ni washindani.

Ushahidi wa ushindani huo umebandikwa kwenye kioo cha kila gari jipya. Mwaka 1958 ilipitishwa sheria iliyosimamiwa na Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, inayomtaka mtengenezaji abandike karatasi yenye bei anayopendekeza, bei ya kila kifaa cha ziada, gharama ya usafirishaji, mahali gari lilipoundiwa, na jina na mahali alipo wakala aliyepelekewa. Kabla ya hapo mnunuzi hakuwa na njia rahisi ya kujua kama bei aliyotajiwa ilitoka kiwandani au kichwani mwa muuzaji. Sheria hii ilimfaa mnunuzi wa kawaida kuliko nyingi za zama zake. Hata leo, anayenunua gari lililotoka kwa wakala mwingine anaweza kusoma jina la wakala huyo kwenye karatasi hiyo.

Miaka ya 1960 ndiyo iliyopanua wigo kuliko wakati wowote. Ford Mustang, iliyozinduliwa Aprili 1964, ilikuja na orodha ndefu ya injini, gia, rangi na mapambo, na zaidi ya magari 400,000 yaliuzwa katika mwaka wake wa kwanza. Hakuna yadi ambayo ingeweza kuwa na kila mchanganyiko. Meneja wa mauzo alishika simu na kuwauliza wenzake mmoja mmoja. Katika kazi hiyo uhusiano mwema ulikuwa na thamani ya fedha: wakala mchoyo, anayechukua magari mazuri ya wenzake na kutoa mabovu sokoni, siku ya pili simu yake haikupata jibu zuri.

Utendaji wenyewe haujabadilika sana. Mawakala wawili hupeana gari kwa gari, au mmoja humlipa mwingine kwa kufuata bei ya ankara ya kiwanda, si bei ya rejareja. Tofauti ya thamani hufidiwa kwa hundi. Gari jipya la Marekani huwa na cheti cha asili kutoka kwa mtengenezaji. Cheti hicho huhamishwa kwa saini kutoka kwa wakala mmoja hadi mwingine, na maadamu hakuna mnunuzi wa rejareja aliyeandikishwa, gari hubaki jipya kisheria. Likiwa karibu hufuatwa na dereva na kuendeshwa barabarani, likiwa mbali hupakiwa kwenye lori.

Safari hiyo ndiyo chanzo kikubwa cha ugomvi. Gari linaweza kumfikia mnunuzi likiwa limeshatembea maili mia na zaidi kwa mguu wa dereva asiyemjua. Sheria ya mwaka 1972 ilikataza kurudisha nyuma mita ya umbali, lakini kanuni za kutangaza maili kwa maandishi zinasamehe gari jipya ambalo bado liko mikononi mwa wauzaji. Kwa hiyo ulinzi wa mnunuzi umebaki katika mkataba wake: kuandikwa ukomo wa maili, bei ya mwisho, na sharti la kurudishiwa arubuni gari likija tofauti na alivyoagiza. Wakala mwaminifu hana sababu ya kukataa masharti hayo.

Watengenezaji wa Japani walirahisisha mambo kwa kupunguza machaguo. Kwa kuwa magari yao yalivuka bahari, waliyapanga katika madaraja machache yenye vifaa vilivyokwisha kuamuliwa, na Honda iliendelea na mtindo huo hata ilipoanza kuunda Accord huko Ohio mwaka 1982. Kuanzia magari ya mwaka 1981, namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17 ililipa kila gari jina lake, na kompyuta zikawawezesha mawakala kuona shehena ya wenzao bila kupiga simu.

Mwaka 2021, uhaba wa vipande vya kielektroniki ulipopunguza uzalishaji, mawakala wengi waliacha kupeana magari, kwani kila gari lilikuwa na mnunuzi anayelisubiri. Wanunuzi walisafiri wenyewe kulifuata gari au kuagiza kiwandani. Tesla kwa upande wake haikuweka mawakala kabisa, na kwa sababu hiyo imeshitakiana na majimbo kadhaa. Magari ya maonyesho na ya akiba ni ya kampuni yenyewe, na gari likihamishwa kutoka mji mmoja hadi mwingine, hakuna cheti kinachosainiwa upya wala hundi inayoandikwa, kwa sababu mwenye mali ni yuleyule.